Maswali ya wasomaji: urari unaogoma, faida isiyo na fedha na mengine ya shahada ya biashara

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wanaosoma, au wanaotaka kusoma, shahada za usimamizi wa biashara, uhasibu na fedha. Zilizofanana tumeziunganisha. Viwango vya kodi na makato tulivyotumia ni vya Tanzania Bara.

Shikamooni wahariri. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu). Baba anataka nisome Uhasibu, mimi navutiwa na Usimamizi wa Biashara, na wenzangu wanajaza Benki na Fedha. Wanasema mwaka wa kwanza masomo ni yaleyale. Sasa tofauti iko wapi? (Mhitimu, Morogoro)

Marahaba. Wenzako hawajakosea sana. Mwaka wa kwanza karibu wote mtakutana na kanuni za uhasibu, misingi ya uchumi, hesabu za biashara, sheria ya mikataba na kompyuta. Njia zinaachana mwaka wa pili. Wa Uhasibu anaingia kwenye kodi, ukaguzi, uhasibu wa gharama na taarifa za fedha za makampuni yenye kampuni tanzu. Wa Fedha na Benki anakwenda kwenye uthamini wa hisa na hati fungani, uchambuzi wa mikopo na vihatarishi. Wa Usimamizi anasoma masoko, rasilimali watu, uendeshaji na mkakati.

Kwa hiyo usichague kwa jina la shahada. Fungua tovuti ya chuo, tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, uisome yote. Vyuo viwili vinaweza kuwa na shahada yenye jina lilelile, kimoja kikawa na masomo manne ya uhasibu na kingine tisa.

Jambo moja watu hawalisemi wazi: milango hii haifunguki sawa pande zote. Aliyesoma uhasibu akiomba nafasi ya meneja wa tawi hakuna atakayemshangaa. Aliyesoma masoko akiomba kazi ya mhasibu ataulizwa amefikia wapi mitihani ya NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Kama moyo wako bado unayumba, mzee ana hoja. Lakini kama kukaa na karatasi mpaka zikubaliane kunakuchosha ndani ya nusu saa, usijidanganye, miaka mitatu ni mirefu.

Kuhusu kuingia: sifa ya jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya mchepuo yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha kwa karatasi, ila kila programu ina masharti yake ya ziada, hasa ya Hisabati, na yamo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, cha mwaka husika. Maombi unayatuma chuoni moja kwa moja. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa. Wako wanaokaa kimya wakidhani nafasi itawasubiri.

Hisabati kidato cha nne nilipata D. Nitaweza uhasibu? (Kahama)

Uhasibu utauweza, ukikubaliwa. Unatumia kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na asilimia. Ugumu wake uko kwenye kupanga: muamala huu ni gharama ya mwaka huu au ni mali itakayotumika miaka mitano? Hilo halimalizwi na kikokotoo.

Palipo na hesabu kwelikweli ni kwenye fedha na takwimu, na kwenye somo la hesabu za biashara la mwaka wa kwanza, ambalo huwa na milinganyo, matriki na kalikulasi kidogo. Ndilo linalowatupa wengi kwenye mitihani ya marudio. Miezi ya kusubiri chuo, rudia asilimia, logi, milinganyo miwili ya pamoja na kanuni ya riba kwa riba. Maswali kumi kila siku yatakufaa kuliko tuisheni ya wiki mbili za mwisho.

Shikamooni. Niko mwaka wa kwanza Dodoma. Kila nikimaliza zoezi urari wangu unagoma. Juzi debiti imezidi krediti kwa 90,000. Nimekesha, mwisho nikaitupia kwenye saspensi. Hakuna njia ya kulitafuta kosa bila kuanza upya? (Mwenye usingizi)

Marahaba, pole na usingizi. Urari ni orodha ya mabaki ya akaunti zote, debiti safu moja na krediti safu ya pili, na jumla zake zinapaswa kulingana. Njia ipo, na saspensi si jalala. Ni akaunti ya kusubiria, kosa likipatikana inafutwa.

Kwanza jumlisha upya safu zote mbili, safari hii ukianzia chini kwenda juu. Ukirudia kutoka juu macho yatasoma kosa lilelile. Pili, linganisha kila baki na leja, yaani daftari kuu la akaunti. Zinazosahaulika sana ni fedha taslimu na benki, kwa sababu zinakaa kwenye daftari la fedha na si kwenye leja yenyewe, pamoja na bidhaa za mwanzo wa mwaka. Hapo tafuta pia kiasi kinacholingana kabisa na tofauti yako. Je, kuna 90,000 popote iliyoingizwa upande mmoja tu?

Tatu, gawa tofauti kwa 2. Hapa inakuwa 45,000. Kama kuna akaunti yenye 45,000 upande wa debiti iliyopaswa kuwa krediti, umeipata, maana kitu kikikaa upande usio wake tofauti huwa mara mbili ya kiasi chenyewe. Wanaohama upande ni walewale kila mwaka: punguzo ulilotoa kwa mteja (debiti) na punguzo ulilopewa na muuzaji (krediti), bidhaa zilizorudishwa na wateja (debiti), fedha alizochukua mwenye biashara kwa matumizi yake (debiti), deni la benki akaunti inaposoma hasi (krediti), na limbikizo la uchakavu, yaani jumla ya thamani ya mali iliyokwisha kuliwa na matumizi (krediti).

Nne, gawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Kwako 90,000 kwa 9 ni 10,000. Hiyo inakuambia mambo mawili: zilizobadilishana ni tarakimu ya makumi elfu na ya laki, na zinapishana kwa moja. Nenda ukatafute kitu kama 1,450,000 iliyoandikwa 1,540,000. Kama tofauti ingekuwa 180,000, tarakimu zingepishana kwa mbili. Na kwa kuwa debiti ndiyo iliyozidi, ama akaunti ya debiti imeandikwa zaidi, ama ya krediti imeandikwa pungufu. Umeshapunguza msako kutoka akaunti thelathini hadi tatu au nne.

Ya 9 inanasa pia sifuri iliyozidi. Ukiandika 250,000 badala ya 25,000, tofauti ni 225,000. Igawe kwa 9 unapata 25,000, ambacho ndicho kiasi sahihi chenyewe.

Sasa ubaya wa urari: unaweza kukubali ukiwa umejaa makosa. Tuseme kompyuta ya ofisi ya 1,800,000, ya kutumika miaka mitatu, imeingizwa kwenye manunuzi ya bidhaa. Debiti ipo, krediti ipo, urari umetulia. Lakini umeipakia gharama yote mwaka mmoja, wakati uchakavu wa mwaka ungekuwa 600,000 tu. Faida imepungua kwa 1,200,000 na hakuna kengele iliyolia. Vivyo hivyo muamala uliosahauliwa kabisa, uliowekwa kwa mteja mwingine mwenye jina linalofanana, uliogeuzwa pande zote mbili, uliokosewa tangu kwenye ankara, au makosa mawili yaliyofidiana.

Na kwa nini pande zinawachanganya wengi? Mara nyingi mlolongo unaanzia kwenye simu. Benki inakutumia ujumbe kwamba akaunti yako imekreditiwa, nawe unajua fedha imeingia, basi unaondoka na imani kwamba krediti ni kuingia. Benki inaandika kwa kitabu chake. Kwake wewe ni mtu anayemdai, na deni lake kwako limekua, kwa hiyo anakrediti. Kwenye kitabu chako fedha iliyoko benki ni mali yako, imeongezeka, unadebiti. Kabla ya kuuliza debiti au krediti, uliza kitabu ni cha nani na nini kimetokea.

Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha tunaanza na faida, halafu tunaongeza uchakavu. Mwalimu anasema uchakavu si fedha. Sasa kama si fedha tunauongeza wa nini? Na kampuni inawezaje kuwa na faida ikakosa mshahara? (Mwaka wa pili, Mwanza)

Uchakavu hauleti hata shilingi. Ulikuwa umeutoa ulipokuwa unatafuta faida, ingawa hakuna aliyelipwa. Sasa unatafuta fedha, kwa hiyo unarudisha ulichokitoa.

Chukua karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam. Faida yake kabla ya kodi ni 9,000,000 na ndani yake umeshatolewa uchakavu wa 2,000,000. Mwaka huo wadaiwa wameongezeka kwa 6,500,000, kwa sababu hoteli imechukua vitanda kwa mkopo. Mbao na vitanda vilivyo stoo vimeongezeka kwa 4,000,000. Wadai, yaani wauza mbao ambao hawajalipwa, wameongezeka kwa 1,500,000.

Anza na 9,000,000, ongeza 2,000,000, toa 6,500,000, toa 4,000,000, ongeza 1,500,000. Inabaki 2,000,000. Hiyo ndiyo fedha iliyotokana na shughuli zenyewe. Karakana ikinunua randa ya umeme ya 3,500,000 taslimu, mfuko umepungua kwa 1,500,000, na kodi bado. Faida ya milioni tisa ipo, ila imekaa kwenye vitanda vya hoteli na mbao za stoo, na fundi hawezi kulipwa ubao.

Makosa ya mtihani hapa ni mawili. La kwanza ni alama ya kujumlisha na kutoa. Usikariri, jiulize kama fedha imezuiwa au imeachiliwa: mdaiwa akiongezeka fedha imezuiwa kwake, mdai akiongezeka fedha imebaki kwako. La pili ni la lugha, na linawapata hata wanaoandika Kiswahili sanifu: wadai na wadaiwa. Hiyo -wa ya mwisho ndiyo inayogeuza mambo. Mdai anakudai, mdaiwa anadaiwa nawe. Tumeona karatasi nzima ikigeuka juu chini kwa silabi moja.

Hasara ya kuuza mali ya kudumu nayo inarudishwa kama uchakavu, faida ya kuiuza inatolewa, halafu fedha yote ya mauzo inakwenda kwenye sehemu ya uwekezaji. Usiiweke mara mbili.

Nimepewa kazi ya darasani: bajaji ya 10,000,000, inaingiza 4,500,000 kwa mwaka baada ya matumizi, miaka mitatu, mwisho inauzwa 2,000,000. Mwenzangu kapata mradi unalipa, mimi nimepata haulipi. Nani kakosea? (Fedha na Benki, Arusha)

Huenda hakuna. Hukutaja kiwango cha punguzo, yaani asilimia ya kushusha fedha ya miaka ijayo kuwa thamani ya leo, na kila kitu kinaning'inia hapo.

Kwa asilimia 18, vigezo vya kuzidishia vya mwaka wa kwanza hadi wa tatu ni 0.8475, 0.7182 na 0.6086, jumla 2.1743. Mapato ya kila mwaka yana thamani ya sasa ya karibu 9,784,000, na mauzo ya bajaji mwishoni yana 1,217,000. Jumla ni takriban 11,001,000. Toa 10,000,000, thamani halisi ya sasa ni kama 1,001,000. Mradi unalipa.

Kwa asilimia 25, vigezo ni 0.8, 0.64 na 0.512, jumla 1.952. Unapata 8,784,000 na 1,024,000, jumla 9,808,000. Umekosa 192,000. Bajaji ni ileile na barabara ni ileile, fedha ndiyo ya bei tofauti.

Kama wote mlitumia kiwango kimoja, tafuteni haya. Je, mmoja ametoa uchakavu kwenye mapato? Haustahili, si fedha. Je, ametoa riba ya mkopo kila mwaka kisha akapunguza tena kwa kiwango cha riba? Hapo riba imetozwa mara mbili. Je, ameweka fedha alizokwisha kulipa kwa fundi wa kuikagua? Hizo zimeshakwenda, uamuzi wa leo hauzirudishi.

Kiwango chenyewe msikiokote. Na hapa tahadhari kwa maisha ya nje ya darasa: mkopeshaji anaposema "asilimia 2 kwa mwezi", uliza kama ni ya baki linalopungua au ni ya mkopo wote mpaka mwisho, ile wanayoiita flati. Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12 kwa asilimia 2 flati una riba ya 288,000 na rejesho la 124,000 kila mwezi. Ukiupima kwa baki linalopungua, riba yake ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayetumia asilimia 24 kwa mwaka kupima mradi wake anapima kwa futi iliyokatwa.

Semista ya kwanza nimepata GPA (wastani wa alama) 2.6 na sap (mtihani wa marudio) moja. Naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Naweza bado kumaliza na 3.5? (Mbeya)

Hesabu kwanza, hofu baadaye. Kwa mfumo wa alama tano, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na la pili la chini 2.7. Tuchukulie semista sita zenye krediti, yaani uzito wa masomo, sawa. Unahitaji jumla ya 21, una 2.6, zimebaki 18.4 kwa semista tano, yaani wastani wa 3.68. Hiyo ni B+ nyingi kuliko B. Inawezekana, ila mwaka wa pili usipoteze tena, maana kila semista inayopita inapandisha bei ya zilizobaki.

GPA haihesabu masomo sawa, inahesabu krediti. Somo la krediti 12 lina uzito mara moja na nusu ya la krediti 8, kwa hiyo pambana kwanza na lenye uzito. Na jua kwamba katika vyuo vingi somo ulilofaulu kwa sap haliandikwi zaidi ya C, hata ungepata 80. Ndiyo maana mtihani wa mara ya kwanza una thamani kubwa kuliko unavyodhani usiku ule unaposema "hili nitalirudia". Soma pia mgawanyo wa alama: vyuo vingi vina 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani. Anayeingia mtihanini na 32 anakimbia mbio nyingine kabisa na aliyeingia na 17.

Fildi (mafunzo kwa vitendo) nimepangiwa ofisi ya halmashauri. Waliotangulia wanasema kazi ni kutoa kopi na kununua maandazi. Nifanyeje? (Singida)

Usisubiri kupewa, omba kwa jina la kazi. Mwambie msimamizi unaomba kuona usuluhishi wa benki wa mwezi uliopita, yaani ulinganisho wa daftari la fedha na taarifa ya benki, ukae na aliyeuandaa, kisha wa mwezi huu ujaribu wewe yeye akague. Humo utaona hundi zisizowasilishwa, makato ya benki ambayo hayajaandikwa vitabuni na fedha zilizoingia bila maelezo. Baada ya hapo omba masurufu, fedha anazotangulizwa mtumishi kwa kazi: nani kachukua, kwa kazi gani, karejesha lini, kaambatisha nini. Vocha isiyo na kiambatisho itakufundisha ukaguzi kuliko sura nzima ya kitabu. Jaza logibuku kila jioni kwa kitenzi: nimelinganisha, nimehesabu, nimeandaa. "Nimejifunza mengi" haipewi alama. Na usitoke na nakala za nyaraka za ofisi. Kwa ripoti, badilisha majina na tarakimu.

Nikimaliza shahada ya uhasibu nakuwa CPA, yaani mhasibu mwenye cheti cha bodi? Na dada yangu yuko Mombasa, ananiambia kwao ni tofauti. (Tanga)

Hapana, shahada inakufupishia njia tu. NBAA ilianzishwa kwa sheria ya 1972 na ndiyo inayotahini na kusajili wahasibu nchini. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati, yenye mitihani sita, kisha ngazi ya mwisho, mitihani minne. Mwenye shahada isiyo ya uhasibu huanzia chini zaidi, ngazi ya msingi. Mitihani hufanyika Mei na Novemba. Kufaulu yote bado hakukupi muhuri wa CPA(T), unahitaji pia miaka mitatu ya uzoefu wa kazi chini ya usimamizi.

Kwa dada yako Kenya, mitihani ni ya bodi iitwayo KASNEB na usajili ni wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa huko. Jina CPA ni moja, bodi ni mbili. Asidhani cheti cha upande mmoja kinasomeka upande wa pili bila utaratibu wa kukitambua.

Watahiniwa wa NBAA wanakwama wapi? Kwanza kwenye muda. Mtu anamaliza chuo Julai, anasema apumzike, anakuja kujisajili miaka mitatu baadaye, wakati viwango vya uhasibu vimeshatoka kichwani. Anza wakati daftari la mwaka wa tatu bado liko mezani. Pili, kodi. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na kuanza kutumika Julai 1, na anayesomea makabrasha ya kaka yake anakwenda na viwango vilivyokufa. Tatu, kujibu wasichoulizwa. Swali likisema "shauri", mtahini anataka uamuzi wenye sababu zinazotoka kwenye mkasa aliokupa. Ukimwandikia maana tano za ukaguzi, atakupa alama moja ya huruma, na wengine hata hiyo hawana.

Nimeahidiwa kazi ya kwanza kwenye kampuni binafsi, mshahara 1,200,000. Nilikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. Mkononi nitapata ngapi? (Mhitimu, Dar es Salaam)

Hongera. Tuchukulie zote ni mshahara wa msingi na hakuna makato mengine.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 yako ni 120,000. Mwajiri analipa kumi yake kando. Inabaki 1,080,000 ya kutozwa kodi. Katika jedwali la PAYE, kodi ya mshahara anayoikata mwajiri, 270,000 za kwanza hazitozwi. Hadi 520,000 ni asilimia 8, inakuwa 20,000. Hadi 760,000 ni asilimia 20, inakuwa 48,000. Hadi 1,000,000 ni asilimia 25, inakuwa 60,000. Hapo umefika 128,000. Zilizozidi milioni ni 80,000, kwa asilimia 30 ni 24,000. Kodi yako ni 152,000. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo ni 180,000.

Toa 120,000, 152,000 na 180,000 kwenye 1,200,000, utapokea 748,000.

Linganisha na hati yako ya kwanza ya mshahara. Ukiona PAYE ya 188,000, aliyeiandaa ametoza kodi kabla ya kutoa NSSF, unadai 36,000. Ukiona iko chini sana, huenda ametoa na makato ya Bodi kabla ya kodi. Mkopo haupunguzi mapato ya kutozwa, na Mamlaka ya Mapato (TRA) wakikagua watamdai mwajiri, naye atakuja kwako. Nenda ofisini kwake na karatasi ya hesabu hii mkononi. Mhasibu mpya anayeanza kwa kukagua hati yake mwenyewe hawatamsahau upesi.